Mrejesho: Injini iliyokula oili baada ya ovahaul, chanzo kimepatikana

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini gari yangu ya cc 1,500, iliyofanyiwa ovahaul (injini kufunguliwa yote na kutengenezwa upya) hapa Mtwara, inatoa moshi wa bluu, inatetemeka ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) na inaishiwa nguvu njia ya Masasi. Wengi mlisema plagi. Nilibadilisha zote, baada ya wiki moja, plagi ya silinda ya tatu ikatoka nyeusi, imelowa oili.

Uliyesema nipime kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda) kwanza, nakushukuru sana. Tulipima injini ikiwa ya moto, plagi zote nje, mafuta yamekatwa, pedeli ya mafuta imekanyagwa hadi chini: silinda ya kwanza hadi ya nne zikasoma 172, 170, 95, 174 psi (kipimo cha mgandamizo). Tukatia kijiko cha oili kwenye ya tatu, ikapanda hadi 150. Ingebaki palepale tungeshuku valvu au gasketi ya hedi. Kupanda kulituelekeza kwenye ringi, vile vyuma vya duara vinavyoizunguka pistoni, maana oili huziba kwa muda upenyo wa pembeni yake.

Tukafungua. Juu ya pistoni kaboni imeshika kama ukoko wa wali, ringi ya oili imeganda kwenye mfereji wake, na midomo (sehemu ringi inapoachia) ya ringi zote imekaa mstari mmoja badala ya kuachanishwa. Hilo liliniuma, maana nililipia kazi nzima. Pistoni tumeiloweka usiku kucha, tumeweka ringi mpya na kuachanisha midomo. Silinda haikuwa na mikwaruzo.

Sasa ya tatu inasoma 168. Jana nimekwenda Mikindani na kurudi, moshi hakuna. Kijiti cha oili nakiangalia kila asubuhi.