Kochi la milioni moja na laki nane lina maboksi ndani, nimelipasua jana kwa kisu

Wakubwa kwa wadogo leo sina salamu. Jana usiku nimechukua kisu cha jikoni nikachana kochi langu kwa nyuma, ile nguo nyeusi nyembamba wanayopiga pini chini na mgongoni, na niliyoyakuta humo acha niyamwage hapa kabla sijaenda kumkuta mtu kwa karakana yake nikaishia kulala seli.

Kochi lina miezi 11. Mwaka halijafikisha. Shilingi 1,800,000 za Uganda, nilitoa 1,200,000 mwanzo eti ya kununua vifaa, na 600,000 siku lilipofika mlangoni. Mimi ni mwalimu tu, hiyo pesa ni mkopo wa sacco, wananikata kila mwezi na makato ya mwisho ni mwezi huu. Yaani kochi limetangulia kufa, deni bado liko hai.

Niwaambie lilivyokufa. Jumapili mke wangu alipata wageni wa kwao kutoka Masaka na mkubwa wao alikuwa Ssenga wake, shangazi wa upande wa baba. Wenye kuoa Buganda mnajua Ssenga ni nani. Kawaida yeye anakaa kwa mkeka, akina mama wa rika lake hata uwawekee kiti cha kabaka, mfalme mwenyewe, watauliza mkeka uko wapi, lakini siku hizi magoti yanamsumbua kwa hiyo mke wangu akambembeleza, Ssenga leo kaa huku juu upumzike. Mama wa watu akakubali. Akakaa. Akazama. Sitii chumvi, alizama mpaka magoti yakapita kifua, gomesi, lile vazi refu la akina mama wa huku, imepanda, mikono inatafuta pa kushika, na huko chini kitu kikalia kwaa! kama mtu amevunja kuni kavu. Ikabidi vijana wawili wamvute mmoja huku mmoja kule, na mimi mkwe nimesimama naangalia kalenda ya ukutani kama naisoma kwa mara ya kwanza. Alipopata miguu hakulalamika hata kidogo. Akasema tu polepole, mwanangu, niletee mkeka.

Mnaelewa? Sebule nzima, televisheni, kapeti, vitambaa vya kufuma mke wangu amevitandika juu ya kila mgongo, halafu mgeni mkubwa anaomba mkeka.

Sasa ndani. Fundi aliniapia kwamba fremu ni mbao ngumu, "ticha hii hata tembo akae". Ni kirundu. Tena kipande kingine bado kina ganda la mti. Kwa wasioijua, kirundu ni ule ubao mweupe mwepesi, laini, ukienda Ndeeba, pale Kampala wanapouza mbao, uko kati ya zile za bei ya chini, na wadudu wanaupenda kama sisi tunavyopenda rolex ya moto, ile chapati ya kukunjia mayai. Usipotiwa dawa wanautoboa. Nimekuta vitundu vidogo vidogo kama vya sindano na unga mweupe umejikusanya chini, na huo unga mke wangu ameufagia kila asubuhi miezi mitatu akidhani ni poda ya mtoto. Halafu mbao zilikuwa mbichi wakati anazipigilia. Ubao mbichi ukikaukia ndani ya kochi unasinyaa, msumari unabaki unacheza kwa shimo lake, ndo ile kelele ya nywii nywii kila ukijigeuza usiku wa mpira. Gundi hakuna. Hakuna ubao umeingia ndani ya mwenzake, ni misumari mitupu.

Chini ya makalio ndo kunauma zaidi. Mafundi wazuri wanapiga springi zile za kujipinda kama nyoka, na wakibana matumizi wanatumia mipira iliyokatwa kwa tyubu za gari, wanaifuma huku na huku kama jamvi, na mipira hiyo ikivutwa sawasawa inakaa miaka, siidharau. Mimi nimepewa mipira 5, yote imeelekea upande mmoja, juu yake gunia la sukari, juu ya gunia maboksi ya biskuti yamefunguliwa yakalazwa. Maboksi! Na mkono wa kochi, pale unapopigapiga ukishangilia goli, nao ni boksi. Kumbe ndo maana ulikuwa unalia kama ngoma na mimi nikaona ni ubora.

Sponji sasa. Nilitegemea kipande kimoja kizima. Nimekuta vipande vimegandishwa na gundi, pinki, njano, bluu, kingine cheupe kimegeuka rangi ya chai, na hicho cha chai bado kimeshikana na kitambaa cha maua. Kitambaa cha godoro. Godoro la mtu. Godoro ambalo sijui nani alilala juu yake miaka mingapi na alilifanyia nini, mimi nimelilipia nikaliweka sebuleni nikakaribisha wageni.

Na hapa ndo nataka mnisikilize vizuri maana hasira yangu yote iko hapa. Likizo iliyopita tulipata kunguni. Kijana wangu wa Sinia 2, mwaka wa pili wa sekondari, anasoma bodingi, na huku kwetu kila mtu anajua kunguni wanatoka bodingi, hiyo haina kesi. Nilimfokea mbele ya dada zake. Nikachemsha blanketi lake, nikamwagia godoro lake maji ya moto, sanduku likakaa juani siku mbili, akalala jikoni kwa mkeka wiki nzima, na nikampiga marufuku kukaa kwenye kochi. Kwenye kochi! Nikalipa mtu wa kupuliza dawa, akapuliza vyumba vya kulala, kwa kochi hakugusa kwa sababu mimi mwenyewe nilimwambia angalia usinichafulie velveti. Kijana akarudi shule na kunguni wakabaki. Nikasema labda ameacha mayai. Jana nimewakuta, wamejaa kwa mishono ya kile kitambaa cha maua na kwa pembe za mbao, wamenenepa, wana wajukuu. Na kunguni anaweza kukaa miezi bila kula, kwa hiyo hata lile godoro kama lilikaa limetupwa huko karakana muda mrefu, wao walikuwa wanasubiri tu sebule.

Nilimpigia fundi usiku huo huo. Kwanza hakushika. Nikatumia simu ya mke wangu akashika haraka, "yes kasitoma". Nikamweleza moja moja. Mnajua alinijibu nini? "Ticha, wewe hukusema ya ndani, ulisema ya kwenye picha."

Nimelala na hiyo sentensi. Nimeamka nayo. Kwa sababu ni kweli nilimpelekea picha kwa simu, kochi la kona, kijivu, sebule ya watu huko Uturuki nadhani, na yeye alitengeneza picha ile ile kabisa, vifungo viko, uzi wa dhahabu uko, miguu inang'aa. Hakudanganya nje. Halafu akaongeza kwamba kama nilitaka "ya ndani nzuri" ningesema mapema, bei iko nyingine. Yaani kuna bei ya kochi na kuna bei ya kitu kilicho ndani ya kochi! Na tena akanilaumu, watoto wanaruka juu yake. Nikamwambia aliyelivunja ana miaka 70 na haruki.

Sitaji jina lake wala barabara, na najua wapo mafundi wa haki, lakini huu mchezo si wa mtu mmoja. Jirani yangu alichukua la leksini, ile ngozi ya uongo, kwa jasho letu na unyevu wa huku imeanza kubanduka magamba, ukiinuka unatoka nayo kwa suruali. Mwingine alikaa kwa kochi jipya na msumari ukamsalimia. Na ahadi zao mnazijua, Alhamisi, halafu Jumamosi, halafu umeme umepotea, halafu mvua gundi haikauki, halafu mjomba amefariki. Langu lilichukua wiki 7 na lilipofika halikupita mlangoni, wakalikata miguu pale pale uani kwa msumeno wakasema wataipigilia tena. Mguu mmoja mpaka leo umesimama juu ya kitabu cha hesabu cha P6, darasa la sita.

Mimi nimekulia baraki ya polisi Nsambya, Nsambya hiyo hiyo ambako watu wanakwenda kutafuta viti. Baba alikuwa konstebo na seti yake ilikuwa ya mvule, mikono ya mbao wazi, matakia unayatoa. Mama alikuwa anavua foronya kila mwisho wa term anafua anaanika. Ukitaka kujua mbao ni gani unaangalia, iko nje. Ukitaka kujua sponji unafungua zipu unaingiza mkono. Baba alistaafu nayo, ikapanda lori mpaka Tororo, na iko huko mpaka saa hii, wajukuu wanairukia kila Krismasi, kilichobadilishwa ni sponji tu mara mbili. Sasa haya ya siku hizi yamevishwa kuanzia kichwani mpaka kwa kisigino kama bibi harusi, hakuna hata sehemu ya kidole kuona ubao. Tunanunua nguo jamani. Nguo tunaichagua sisi, mwili anachagua fundi, na sisi ndo tumemfundisha hivyo kwa sababu tukifika pale tunauliza rangi, tunauliza kama iko kama ya fulani, hakuna anayeinama kuangalia chini. Mimi pia sikuinama.

Halafu nchi yetu hii, uwanja wa ndege wenyewe uko mji ulioitwa kwa jina la kiti. Entebbe ni entebe za Mugula, mmoja wa wakubwa wa ukoo wa Mamba aliyekuwa anakaa juu ya viti vya mwamba akiamua kesi. Mwamba mtupu, hamna sponji, hamna velveti. Laiti ningepeleka kesi yangu kwake.

Basi kwa anayetaka kununua wiki hii, usikubali uone kochi limeshavaa. Mwambie fundi akuite siku fremu imesimama uchi na uende kweli, usitumiwe picha. Inua pembe moja ya mbele juu kama shibiri hivi, mguu wa mbele wa upande wa pili ukibaki chini umelala basi hiyo fremu inajipinda, toka hapo. Mbao ukiiweka kwa shavu ikawa na ubaridi wa maji, bado mbichi. La dukani lililokwisha mwambie ang'oe pini chache kwa ile nguo nyeusi ya chini, akikataa umeshajibiwa. Na sponji nunua mwenyewe kwa wauza magodoro, iwe nzima na densiti yake, yaani ilivyoshiba, umpelekee fundi, na usiondoke mpaka imeingia ndani, maana inaweza ikaenda kwa kochi la mwingine na wewe ukapewa maua.

NIMEONGEZA: Wanaosema weka picha tuamini, nimezikataa kwa sababu kijana wangu ana simu za wenzake huko shule na sitaki aone kunguni hawa kwa mtandao kabla hajasikia kwangu. Jumapili ijayo ni siku ya kutembelea wanafunzi. Mke wangu anasema nimpelekee kuku na chapati halafu nimwambie tu, usizunguke. Sijawahi kumwomba mtoto msamaha na baba hakuwahi kuniomba mimi, kwa hiyo sijui mtu anaanzia wapi, anaanza na kuku au anaanza na kochi.

NIMEONGEZA TENA: Aliyesema nilipe kidogo nikategemea kikubwa, milioni moja na laki nane kwako ni kidogo? Nitumie namba nikukope basi.

Kochi liko nje nyuma ya choo chini ya plastiki. Fundi amesema atakuja "kuliangalia" Alhamisi, hakusema ya lini. Nimeamua nijenge jingine kwa kalitunsi iliyokauka, mbao ya mkaratusi, mikono ya mbao nje kama ya mzee, matakia ya zipu. Mwenye kujua sponji ya inchi 6, hai densiti, ya watu watatu saa hii inaenda ngapi Kampala aniambie, na aniambie ya ndani, si ya kwenye picha.