Ushauri unahitajika: nipimeje kama wafanyakazi wenzangu hufungua viambatisho vya kitapeli?

MlinziWaSeva
Ndugu wanajamvi, habari za jioni. Mimi ni ofisa TEHAMA wa kampuni ya uwakala wa forodha iliyoko Kurasini, na idara yangu nzima ni mimi pamoja na kijana mmoja aliye katika mafunzo kwa vitendo. Hati za mizigo, ankara na vyeti vya asili ya bidhaa hutufikia kwa barua pepe usiku na mchana kutoka Guangzhou, Dubai na Mumbai, nyingi zikiwa za watu tusiowafahamu, kwa hiyo siwezi kumwambia mtu asifungue kiambatisho cha mgeni ilhali hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Uongozi umeniagiza nitume barua pepe ya kubuni yenye kiambatisho kisicho na madhara, kisha nihesabu waliokifungua. Naomba kujua kiambatisho kiwe cha aina gani na ujumbe uwe na maneno gani ili matokeo yaaminike. Ningeshukuru kupata majibu kabla ya Ijumaa.

BabaSubira_Tabata
Mkuu, suala la maneno lisikusumbue. Kiite kiambatisho hicho “Orodha ya waliopandishwa mishahara”, na hata mlinzi wa getini asiye na kompyuta atapanda ghorofani kuomba afunguliwe.

MamaUhasibu
Nimefanya kazi ya uhasibu kwa miaka mingi, na niliyoyashuhudia hayakuhusu kiambatisho kabisa. Ofisini kwetu ilifika barua pepe yenye jina la msambazaji tuliyemzoea, akitutaarifu kwa adabu nyingi kwamba amebadilisha akaunti ya benki. Kijana aliyeipokea alilipa siku hiyo hiyo, na siku zote tulikuwa tukimsifu kwa wepesi wake. Vijana wa siku hizi wanaona kupiga simu kuuliza ni ushamba, wakati simu ya dakika mbili ingeokoa fedha zile zote.

KiranjaWaMtandao
Turudi kwenye swali. Kabla ya maneno, fikiria namna ya kupima. Ukiweka ndani ya hati ya Word picha inayotakiwa kuiita seva yako pindi hati inapofunguliwa, utapata hesabu pungufu, kwa sababu Word hufungua hati zilizotoka kwenye intaneti katika hali ya ulinzi ambayo haivuti vitu vya nje mpaka msomaji aruhusu. Kwa upande mwingine, kama mna kichujio kinachofungua viambatisho na viungo ili kuvikagua kabla havijamfikia mwenye barua, kichujio hicho kitahesabika kama binadamu, nawe utamtuhumu mtu ambaye saa hiyo alikuwa bandarini akihangaikia kontena. Makro, yaani amri ndogo za programu zinazowekwa ndani ya hati, uachane nazo, kwani tangu mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzizuia katika faili zinazotoka kwenye intaneti, na matapeli wengi wakahamia njia nyingine.

Kwa watu wa nyaraka kama ninyi, ningejaribu faili lenye jina la ankara ambalo mwisho wake halisi ni wa programu. Hila hiyo ni ya zamani: kirusi cha ILOVEYOU cha Mei 2000 kilisafiri katika faili lililoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, na kwa kuwa Windows ilikuwa ikificha herufi za mwisho, watu waliona TXT wakadhani ni maandishi matupu. Programu ya Gophish, inayotuma barua pepe za majaribio kama hizi na kuhesabu waliobofya, haiuzwi na itakutosha.

MwanasheriaMstaafu
Ndugu mwanzisha uzi, una kibali cha maandishi kutoka kwa mwajiri? Je, utahesabu idadi tu, au utaandika majina? Na waliofungua watafanywa nini?

MlinziWaSeva
Asante sana, Kiranja. Kichujio tunacho, nitakiwekea ruhusa maalumu. Je, saa nne asubuhi ni muda mzuri wa kutuma, au baada ya chakula cha mchana?

MwanasheriaMstaafu
Hujanijibu.

MamaUhasibu
Hata mimi nimeona kwamba hakumjibu mzee.

MlinziWaSeva
Basi nitajibu. Mkurugenzi ameagiza kwa mdomo, na anataka majina. Kampuni inakusudia kupunguza watu, naye anaona ni haki kuanza na wale wanaotuhatarisha. Ujumbe niliuandika tangu wiki iliyopita, na unahusu malipo ya malimbikizo ya mishahara, kwa kuwa ni kweli hatujalipwa kwa miezi miwili na hakuna habari inayosubiriwa kuliko hiyo. Mtaniona sina huruma, lakini tapeli wa kweli hatakuwa na huruma pia, na jaribio jepesi halimpimi mtu yeyote. Isitoshe, atakayepunguzwa sitamchagua mimi.

MwanasheriaMstaafu
Ndiyo maana niliuliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa na kushauriana nao, pamoja na mengine, kuhusu njia itakayotumika kuwachagua. Hamwezi kuwaambia kwamba njia yenyewe ilikuwa mtego uliotegwa kwa jina la mishahara yao. Kama mtaligeuza kuwa kosa la nidhamu, mtaulizwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi iwapo kanuni waliyoivunja ilikuwepo na kama waliifahamu. Nawe umetueleza kwamba kufungua viambatisho vya wageni ndiyo kazi yao. Vilevile, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa zilizokusanywa kwa lengo moja hazigeuzwi tu zikatumika kwa lengo jingine. Jina litakalokuwa kwenye faili hilo ni lako.

Mhadhiri_Mlimani
Nimuunge mkono mzee kwa mfano wa nje. Desemba 2020 kampuni ya GoDaddy ya Marekani iliwapima wafanyakazi wake kwa barua pepe iliyowaahidi bonasi ya sikukuu ya dola 650, na watu wapatao 500 wakaingia mtegoni. Kilichofuata ni kampuni kuomba radhi hadharani. Nao watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zurich cha Uswisi waliwafuatilia wafanyakazi zaidi ya 14,000 wa kampuni moja kwa miezi 15, wakaona kwamba somo lililojitokeza mara tu mtu alipobofya halikuwafanya wawe waangalifu zaidi, bali kitufe cha kuripoti barua zenye shaka kilisaidia sana. Kwa hiyo pima ni wangapi walikuarifu, na kwa haraka gani. Je, wafanyakazi wako wana anwani ya kuripoti?

JichoPevu_Kinondoni
Wakuu, hebu msome uzi huu upya kutoka juu. Mtu asiyejulikana anauliza ni maneno gani yatamfanya mtu afungue kiambatisho, anaeleweshwa namna ya kukipita kichujio, ana haraka ya Ijumaa, na walengwa wake ni watu wanaosubiri fedha. Ama huyu ni tapeli anayetafuta wahariri wa bure, ama ni mtunzi wa hadithi. Kampuni iliyoshindwa kulipa mishahara kwa miezi miwili inapata wapi nafasi ya majaribio ya usalama?

BabaSubira_Tabata
Huenda tunaopimwa ni sisi. Ameweka kichwa cha habari kizuri, nasi tumefungua bila kumjua mtumaji.

MlinziWaSeva
Sikutaka kulisema hili, lakini siwezi kuitwa tapeli. Mishahara imechelewa kwa sababu mteja wetu mkubwa alipokea ankara iliyotoka kwenye anwani yetu halisi ikiwa na namba ya akaunti iliyobadilishwa, akalipa huko, na sasa anakataa kulipa tena. Mkurugenzi anaamini kuna mtu ofisini aliyefungua kitu, na jaribio hili litamfichua.

KiranjaWaMtandao
Ungeanza na hilo, ndugu yangu, nisingeandika habari za Word. Jaribio la Ijumaa litakuonyesha atakayefungua Ijumaa, si aliyefungua mwezi uliopita. Ingia kwenye sanduku la barua lililotuma ankara ile, utazame kama kuna kanuni iliyowekwa kimya kimya ya kupeleka nakala za barua nje au ya kuzificha. Wezi wa ankara huipenda sana njia hiyo. Hifadhi kumbukumbu za kuingia kabla hazijafutika, kisha badilisha nywila na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Benki na polisi nao waarifiwe leo. Anwani hiyo ni ya nani?

MlinziWaSeva
Ni ya mkurugenzi.

MamaUhasibu
Naye yumo katika watakaotumiwa barua ya majaribio?

MlinziWaSeva
Aliniagiza nimruke, kwa kuwa ana shughuli nyingi.

JichoPevu_Kinondoni
Bado siamini, ila kama ni kweli, usiguse sanduku lake bila barua yenye sahihi yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haitambui agizo la mdomo lililokanushwa.

MlinziWaSeva
Kesho asubuhi nitamwandikia kuomba kibali cha kulikagua. Jaribio sitalifuta, kwa sababu nimekwisha kuahidi, lakini nitaondoa habari ya mishahara niweke hati ya mzigo, na nitawasilisha idadi bila majina. Mzee, naomba unisaidie: barua hiyo ya kibali asaini yeye peke yake, au na mwenyekiti wa bodi?

MwanasheriaMstaafu
Wote wawili. Nakala moja ibaki kwako nyumbani.