Mrejesho: kile kitambaa cha blanketi la viraka

Wadau, asanteni sana. Niliwaeleza nilivyouziwa mita 4 za "pamba tupu" za kushonea blanketi la viraka, nikawa na wasiwasi. Nilichoma uzi kama mlivyonishauri: uliyeyuka, ukaacha kidonge kigumu chenye harufu ya plastiki. Poliesta! Pamba ingewaka kama karatasi na kuacha majivu laini.

Nilirudi dukani. Yule binti aliyeniuzia hakubisha, maskini. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Hata kupima, alikuwa anavuta kitambaa, mita 1 ikawa sentimita 94. Mwenye duka amenibadilishia, na safari hii nimechoma kwanza, nikapima mwenyewe.

Sasa nimeviloweka vitambaa vipya kabla ya kukata. Chekundu kinachuja rangi, kwa hiyo cheupe kitasubiri.