MJADALA: Mtu akishatubu mbele ya kanisa, bado anadaiwa na mwenzake aliyesalitiwa?

Salam aleikum kwa wa salam na Bwana asifiwe kwa wa Bwana asifiwe, humu tumechanganyika kama tulivyochanganyika mitaani. Nna suala langu limenikaa kooni muda, nataka tulijadili bila matusi. Mtu kamsaliti mwenzake khasa, halafu kasimama kanisani, kalia, kaombewa, watu wamepiga makofi. Keshamaliza au bado anadaiwa?

Mie nasema anadaiwa, tena vizuri tu. Sasa nielezeni nilipokosea, ila nisomeni kwanza.

Kanisa silitaji, ni la hapa Unguja, dogo, Jumapili hatufiki hata sitini. Tulikuwa na mfuko wa msiba, kila mtu elfu mbili baada ya ibada, mama mmoja anaandika kwenye daftari lile la jalada gumu, mhazini anatia pesa kwenye kopo la maziwa ya unga akazipeleke benki. Akafariki mzee wetu mmoja, watoto wake wanataka azikwe kwao bara, jeneza linataka pesa, boti inataka pesa, kwenda kuangalia mfuko daftari linasema milioni moja na laki nane, kopo lina elfu arubaini na benki hamna kitu. Watu wakamgeukia mama wa daftari. Kwa nini yeye? Kwa sababu mwandiko ni wake, na kwa sababu mhazini ana duka na ndo anayenunua spika za kanisa, mwenye duka haibi bwana. Mama hakufukuzwa, sie hatufukuzi mtu, tuliacha tu kumsalimia. Mwezi wa pili hakuja tena.

Na mie nilikuwa najua. Mhazini alinambia wiki tatu kabla, "nimeazima kidogo nimeongezea mzigo wa duka, mwisho wa mwezi narudisha, usiseme." Sikusema. Siku mama anaulizwa mbele za watu nilikuwa benchi la tatu, nikawa naangalia viatu vyangu, mpaka leo nakumbuka cha kushoto kamba ilikuwa imefunguka.

Miaka miwili imepita. Mkesha wa mwaka mpya mhazini kasimama: "nimeikosea jumuiya kwa udhaifu wa kibinadamu, naomba mnisamehe." Udhaifu gani, hakusema. Pesa hakutaja, mama hakumtaja. Vigelegele, mchungaji kamkumbatia, na kufika Pasaka ni mzee wa kanisa.

Nikawafata wazee wawili nikauliza, mbona yule mama hakuitwa? Jibu nililopewa ndo limenileta huku. "Sie huku ni wachache, majirani wote Waislamu, tukianza kuanika mambo haya tutachekwa mpaka Bububu." Siwalaumu sana, anayejua kuishi wachache anajua, unatembea na jina la watu wote mgongoni, ukiiba wewe wameiba Wakristo. Lakini hebu sikilizeni lililofata.

Jirani yangu ni mzee wa Kiislamu, jioni tunakunywa kahawa na kashata barazani kwake. Nikamsimulia, majina nimeficha. Hakucheka hata kidogo. Kanambia, "kwetu haki ya Mungu, Mungu mwenyewe anasamehe akitaka, lakini haki ya mja mpaka mja mwenyewe akusamehe. Kwenu vipi?" Nimekaa na kikombe mpaka kahawa imepoa, mtu wa miaka thelathini kanisani sina jibu.

Nikaenda kutafuta kwetu. Na kumbe lipo tena halijafichwa, Mathayo 5, ukileta sadaka yako madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache pale pale, nenda kapatane naye kwanza. Madhabahu inasubiri! Zakayo mtoza ushuru naye hakuishia kupanda mkuyu, alitaja hesabu, nusu ya mali kwa maskini na aliyemdhulumu anamrudishia mara nne. Walawi 6 inasema rudisha chote na uongeze sehemu ya tano, umpe mwenyewe, ndo ulete kondoo wako kwa kuhani. Mwenyewe kwanza.

Na hili la aibu ya kanisa ndo linanichekesha. Petro alimkana bwana wake mara tatu huku anaota moto, ya kwanza mbele ya kijakazi tu, wakamjua kwa matamshi yake ya Galilaya, kama mtu wa bara anavyojulikana Darajani akishauliza bei. Habari hiyo iko kwenye Injili zote nne. Zote! Kuzaliwa kwa Yesu kumeandikwa kwenye mbili tu, lakini aibu ya mkubwa wa mitume hakuna aliyeiruka, na wale nao walikuwa wachache kama sie na wanatafutwa. Halafu nendeni pale Mkunazini, Kanisa Kuu la Anglikana limekaa juu ya soko la watumwa lililofungwa 1873, na madhabahu mnaambiwa iko palepale penye mti wa kuchapia watu. Sie tunashindwa kutaja kopo la maziwa.

Haya, mwageni.

---

NIMERUDI, nimesoma majibu yote, ahsanteni hata mlionitukana.

Aliyeandika kwamba damu ya Yesu imeshalipa yote na mie nataka kumsulubisha mtu mara ya pili, kanitilia na Zaburi 103, mashariki ilivyo mbali na magharibi. Ndugu yangu nakubali kila herufi. Dhambi yake kwa Mungu sina habari nayo, hiyo si daftari langu. Mie nauliza jina la yule mama, lilichafuliwa mbele ya kanisa zima na halijasafishwa mbele ya hata mmoja. Mungu kusamehe hakujamfanya yule mama asalimiwe.

Mkatoliki wa Shangani kasema kwao hili halina mjadala, padri anakuondolea dhambi lakini aliyeiba anatakiwa arudishe, Katekisimu namba 1459, ila siri ya kitubio padri hawezi kuitoa kwa hiyo nani atahakikisha? Suala zuri na sina jibu lake. Labda ndo maana linabaki kwa mwenyewe.

Wa Chake kaniogopesha kidogo, anasema ukimbana mtu sana atafanya alofanya Yuda, atajinyonga. Hili nimelala nalo. Yuda alikuwa mshika mfuko na alikuwa anaiba, hiyo Yohana 12 inasema wazi, na baadae alijuta kweli, karudisha vipande thelathini, kasema kabisa nimeisaliti damu isiyo na hatia. Lakini aliwaambia nani? Makuhani waliomlipa. Nao wakamjibu, "Yaangalie haya wewe mwenyewe." Yaani mtu anakiri na kiongozi wa dini anamgeuzia mgongo. Petro alikuwa na wenzake, wakaenda pamoja kuvua samaki, na Yesu akamuuliza mara tatu kama anampenda, palepale walipokula pembeni ya moto wa makaa. Kwa hiyo jibu langu kwa wa Chake, tusimwache peke yake, tukae naye, tule naye, lakini aseme. Kumpa uzee wa kanisa ili asiseme ni kumwambia yaangalie mwenyewe kwa kistaarabu.

Mwisho kuna mmoja kaniuliza mstari mmoja tu: "na wewe uliyejua, ushalipa?"

Umenipata pabaya. Juzi Alkhamisi nilikwenda kwa yule mama. Nilimkuta uani anakuna nazi, kakalia mbuzi, vitumbua vya asubuhi anaviandaa. Alinikaribisha, hakuinuka. Nikamwambia yote, nilijua, nilinyamaza, mhazini ndiye, naomba unisamehe. Hakuacha kukuna. Kamaliza kifuu kile, kakikung'uta, kachukua chengine. Nilidhani hakusikia. Halafu kanambia, taratibu tu, "Mwanangu, huku jikoni kwangu hakuna aliyeniita mwizi. Kaseme kulekule ulikonyamaza." Akaniuliza kama nitakunywa chai.

Chai nilikunywa. Ilikuwa ya tangawizi, nzito, sikuisikia ladha.

Sasa wapo watakaosema mhazini ndo anatakiwa aanze, mie nasubiri nini na dhambi kubwa ni yake. Nimejiambia hivyo miaka miwili, mpaka nimechoka kujisikia. Na wapo watakaosema nitamvunjia mtu duka na ndoa. Inawezekana. Kwa hiyo nimeamua nitaanza na langu, nililolijua na siku niliyolijua, na yeye nimempigia simu jana usiku kumwambia kabla, asije kusikia pale kwa ghafla. Alinyamaza muda mrefu kwenye simu, nikasikia anahema, halafu ikakatika. Sijui salio langu au yeye.

Nimeomba dakika mbili Jumapili wakati wa matangazo. Mzee wa zamu kaniuliza tangazo la nini, aandike. Nimemwambia andika mfuko wa msiba.