Tupeane uzoefu: Unavalishaje tisheti kwenye mashine ya kuprinti, haraka na bila kupinda?

FundiSkrini
Wakuu, habari zenu. Mada za kuprinti kwa skrini (ile fremu yenye wavu unaopitisha wino) zikianzishwa humu watu hukimbilia wino, matundu ya skrini, ugumu wa mpira wa skwiji (kile cha kusukumia wino) na joto la draya ya kuivishia wino. Kuvalisha tisheti kwenye ubao, ule wa mashine unaoingia ndani ya tisheti, hakuna anayekugusia, na kwa maoni yangu ndiko muda mwingi unakopotelea. Kuvuta skwiji ni sekunde mbili tatu tu. Lakini tisheti ikikuchukua sekunde 15 kuifungua, kuinyoosha na kuiweka katikati, oda ya tisheti 300 imekula saa moja na robo kwa kuvalisha peke yake.

Naanza na staili yangu. Rundo naliweka mbele yangu kabisa, kati yangu na ubao, juu ya meza ndogo iliyo chini kidogo ya usawa wa ubao. Tisheti zote zimelala upande wa kuprinti ukiwa juu, pindo la chini linatazama mashine, kola inanitazama mimi. Naingiza vidole gumba viwili kati ya matabaka ya pindo, nabana tabaka la juu, natembeza kuelekea katikati ya mashine. Tabaka la chini linajipitia lenyewe chini ya ubao. Kola ikifika kwenye ukingo wa ubao nimemaliza kuvalisha, nabakiza kupitisha viganja mara moja kutoka katikati kwenda pembeni.

Faida yake ni kwamba sigeuki na sigeuzi nguo. Zamani rundo lilikaa nyuma yangu, basi kila tisheti inainuliwa, inakung'utwa, inatafutwa mbele ni wapi na nyuma ni wapi, ndipo inaelekea kwenye ubao. Mwili mzima unafanya kazi ya mikono miwili.

Nyie mnafanyaje? Wa mashine za mkono na wa otomatiki wote karibuni.

MamaWino
Umenena mkuu, ila umeruka hatua moja. Rundo lako halijipangi lenyewe. Kwangu kuna mtu kazi yake ni kufungua katoni na kupanga, na simruhusu mtu mwingine kugusa mashine mpaka amalize angalau saizi moja. Tisheti za dazeni wakati mwingine zinakuja nusu zinatazama huku na nusu kule, nyingine imegeuzwa ndani nje, nyingine ina tundu kwapani. Hayo yote yaonekane mezani. Ukiyagundua wakati tisheti iko kwenye ubao, umesimamisha watu watatu.

Tunatenganisha saizi kwanza, halafu rangi. Nyeupe zinatangulia, nyekundu na nyeusi zinafuata. Sababu ni manyoya. Tisheti ya rangi inaacha vumbi lake kwenye gundi ya ubao, na nyeupe inayofuata inalibeba. Mteja haangalii tumboni kwa ndani, lakini siku akiangalia utajua.

Mbao_Nne
Dada hapo kwenye saizi ongezea hili: ubao ule wa kawaida wa watu wazima una upana wa inchi 16 hivi, yaani sentimita 40. Tisheti ya XS kifuani inakaribia upana huohuo ikiwa imelazwa. Ukiilazimisha inaingia, ndiyo, lakini imetanuka. Unaprinti duara zuri, unaivua, kitambaa kinarudi kwenye hali yake na duara linakuwa yai. Kwa saizi ndogo na za watoto badilisha ubao, usione uvivu. Kubadilisha mbao zote nne ni kazi fupi kuliko kurudia oda.

KolaMbele
Swali la katikati sasa, maana kasi bila kunyooka ni hasara. Mimi nimechora mstari mmoja katikati ya ubao kwa kalamu isiyofutika, juu yake ndiyo gundi inapita. Kola naikalisha ili kitovu cha shingo kiwe juu ya mstari. Tisheti nyingi zina lebo nyuma ya shingo, ipo karibu na katikati kabisa, inatosha kuwa alama yako. Macho mawili: moja kwenye lebo, moja kwenye pindo la chini. Basi.

BegaKwaBega
KolaMbele mkuu, hapo sikubaliani na wewe. Lebo inashonwa na binadamu aliyechoka. Nimeshapata katoni nzima ambayo lebo imekaa kando kwa upana wa kidole. Ukiifuata hiyo, kila kitu kimeenda kushoto.

Mimi naangalia mabega. Mishono ya mabega inashuka kila upande wa ubao, nataka ishuke sawasawa kushoto na kulia. Halafu nateremsha macho kwenye makwapa, nayo yawe sawa. Makwapa hayadanganyi kirahisi. Ukiyazoea huhitaji mstari hata kidogo, unahisi kwa vidole kwamba kitambaa kinachoning'inia mkono wa kushoto ni kizito kuliko wa kulia.

KolaMbele
Mkuu lebo ni ya kuanzia tu, sijasema ni msahafu. Na hayo makwapa yako yatakuponza kwenye tisheti zisizo na mshono wa ubavuni. Zile zimefumwa kama bomba, zikishafuliwa na kuanikwa kiwandani mwili unakuja umejisokota. Makwapa yako sawa, pindo limehama. Utamfuata nani?

BegaKwaBega
Nafuata kifua. Mteja akivaa, watu wanatazama kifua, hawatazami pindo. Kwa tisheti iliyojisokota nanyoosha theluthi ya juu tu, huku chini naacha ikae inavyotaka. Ukijaribu kuinyoosha yote unaivuta mshazari, na ikitoka kwenye ubao maandishi nayo yanafuata msokoto.

FundiSkrini
Hapo BegaKwaBega kanishinda, nilikuwa nanyoosha hadi chini.

Chipukizi22
Nafuatilia uzi huu kwa makini, wakuu. Swali la mgeni: mnapima vipi umbali kutoka kola hadi picha inapoanzia? Mimi naweka rula kila tisheti, nachelewa.

MamaWino
Mwanangu, rula tumia mara moja tu, kwenye tisheti ya kwanza. Kwa mtu mzima vidole vinne chini ya kola, kama sentimita 7 au 8, panafaa kwa picha nyingi za kifuani. Ukishakubaliana na mteja, funga skrini yako pale pale na usiiguse tena. Kuanzia hapo kinachoamua urefu ni kola kukaa sehemu ileile ya ubao kila mara. Bandika utepe mahali ukingo wa kola unapogusa. Tisheti ikiwa kubwa sana au ndogo sana unaisogeza juu au chini kidogo ya utepe kwa jicho, maana picha ileile kwenye tisheti ndogo inaonekana imeshuka.

Chipukizi22
Asante sana mama. Na nembo ndogo ya kifua cha kushoto?

Mbao_Nne
Usiisogeze skrini mkuu, sogeza tisheti. Chora mstari wa pili kwenye ubao, kitovu cha kola kikae juu ya huo, na nembo itaangukia kifuani. Na kumbuka: kushoto ni kwa mvaaji. Wewe umesimama upande wa kola, mavazi yanatazama juu. Vaa tisheti ya mfano wewe mwenyewe kabla hujaanza oda, utanishukuru.

GundiKidogo
Jamani, mnaongelea mikono tu kama vile ubao ni mkavu. Gundi ndiyo inayoamua kama utavalisha mara moja au mara mbili.

Nilifanya kazi sehemu moja ambayo bosi alipenda gundi ya kupuliza, na walikuwa wanapuliza kila baada ya tisheti chache. Ule ukungu unaenda kila mahali: kwenye skrini, sakafuni, kwenye mapafu. Viatu vilikuwa vinanasa chini. Tisheti ikigusa ubao haitoki, kwa hiyo ukiikosea ukalazimika kuibandua, nyuzi za pamba zinasimama, ukiprinti juu yake uso wa wino unakuwa na vinyweleo.

Sasa natumia gundi ya maji. Naimwaga kidogo, naisambaza kwa kipande cha kadi ngumu mpaka iwe nyembamba sana, nazungusha ubao chini ya flashi (hita ya kukaushia palepale kwenye mashine) ikauke. Mwanzoni inanata kupita kiasi, kwa hiyo tisheti za kwanza ni zile za majaribio, zenye kasoro. Zikishapita kadhaa inalainika na hapo ndipo pazuri: unaweza kutelezesha tisheti kidogo ukiwa umeinua ncha, ukiishusha inashika. Manyoya yakijaa, sipaki nyingine juu yake. Nafuta kwa kitambaa chenye unyevu, inaamka upya.

Kitu kingine, wekeni joto kwenye mbao kabla ya kuanza. Ubao wa baridi na ubao uliokwisha kupita chini ya flashi mara nyingi haunati sawa, na wino haukauki kwa muda sawa. Mtu anavalisha vizuri tisheti za asubuhi, mchana analalamika zinang'ang'ania. Gundi ni ileile, joto ndilo limepanda.

MguuPedali
Niwasemee wa otomatiki. Kwenye mashine ya mkono wewe ndiye saa. Kwetu sisi mashine ndiyo saa. Ikiwekwa tisheti 360 kwa saa una sekunde 10 kwa kila moja, ikipandishwa hadi 600 una sekunde 6, na hapo ndani yake kuna kuchukua, kufungua, kuvalisha na kunyoosha. Ukichelewa, ubao mtupu unaenda, skrini inashuka, wino unaishia kwenye ubao. Tisheti inayofuata inaupokea kwa ndani.

Nilichojifunza ni hiki: usikimbizane nayo. Tisheti ikikaa vibaya, bonyeza kitufe cha kuruka, ubao upite bila kuprintiwa, endelea na inayofuata. Wageni wengi wanaogopa hicho kitufe kwa sababu msimamizi anatazama. Wanaipeleka ikiwa imepinda wakijiambia haionekani. Inaonekana.

Halafu mkono wako wa pili usilale. Wakati mkono wa kulia unanyoosha hii, wa kushoto umeshaanza kutenganisha pindo la inayofuata. Pindo jipya linashikana, hasa kwenye vitambaa vya poliesta vyenye umeme tuli. Hiyo ndiyo sehemu inayokula sekunde, na unaweza kuifanya wakati ubao bado unazunguka.

Mwendo wa mashine nauweka kwa yule anayevalisha polepole, halafu tunapandisha taratibu. Nimeona sehemu wanaiwasha kwa kasi ya juu kisha wanasimama kila dakika. Mwisho wa siku wamezidiwa na wale wa mwendo wa kati ambao hawakusimama.

DadaDraya
Kuvua je? Mbona kila mtu anavalisha tu 😄

Mimi ndiye napokea. Wino wa plastisoli haukauki kwa hewa, unaiva kwa joto la kama nyuzi 160, kwa hiyo tisheti inayotoka kwenye ubao ina wino mbichi hata ikionekana imekauka. Nashika mabega mawili karibu na kola, nainua juu kwanza ili gundi iachie, ndipo navuta kuja kwangu. Ukivuta bila kuinua, kifua kinajikunja na picha inajibusu. Naipeleka moja kwa moja kwenye mkanda wa draya ikiwa imefunguka hivyohivyo.

Na nyie wavalishaji wa mikono mirefu, kunjeni hiyo mikono jamani. Inaning'inia, inalala kwenye ubao wa jirani, skrini inashuka juu yake. Mimi naletewa tisheti yenye picha kifuani na nusu picha kwenye kiwiko.

HudiTupu
Nilikuwa nasubiri mtu aguse mavazi mazito. Hudi ni somo lingine kabisa.

Mfuko wa mbele ndio adui. Mshono wake ni mnene, skrini ikikaa juu yake inainuka, na pembeni ya mshono wino haufiki vizuri. Natumia ubao mfupi, unaoishia juu ya mfuko, hivyo mfuko wenyewe unaning'inia nje ya ubao. Kofia naiacha ianguke chini upande wangu, kamba zake nazitumbukiza ndani. Kamba ikibaki juu ya ubao ikakandamizwa na skrini, ile ncha ya chuma inachana wavu, na umepoteza skrini kwa kamba.

Gundi ya kawaida haitoshi kwa uzito ule. Nakandamiza kwa nguvu, na kama ndani kuna manyoya nayo yanaimaliza gundi upesi, inabidi niirudie mara nyingi kuliko kwenye tisheti. Kasi ya tisheti msiitafute hapa.

Chipukizi22
Wakuu leo nimehamisha rundo mbele kama alivyosema FundiSkrini. Shida, meza yangu iko juu kuliko ubao, tisheti zinakwama kwenye kona.

FundiSkrini
Kata miguu ya meza, au panga tisheti chache chache. Rundo lisizidi usawa wa ubao. Na kama umesimama siku nzima ukiwa umeinama, pandisha mashine ifike kiunoni, la sivyo mgongo wako utaisha kabla ya oda.

BegaKwaBega
Na hizo kona za ubao zipitishie msasa. Ubao wenye kona kali unanasa pindo kila mara, watu wanadhani ni mikono yao mizito.