Jabu yangu inarudi chini na pambano ni wiki tatu zijazo, naombeni msaada wakuu

MtotoWaMbagala: Wakuu habari za usiku. Mimi ni bondia, ridhaa nimecheza mapambano 11, sasa nimepata la kwanza la kulipwa, raundi nne, kilo 61.2. Shida yangu nikipiga jabu, ile ngumi ya kunyooka ya mkono wa mbele, mkono unarudi usawa wa kifua badala ya shavuni, hapo hapo nakula kulia ya jamaa. Kocha ananifokea tu hanielekezi. Na huyo mpinzani anapiga mashoto. Mwenye uzoefu anisaidie nimebanwa sana.

KonaNyekundu: Karibu dogo. Mkono unashuka kwa sababu bega limechoka na kichwa kimebaki palepale. Mtu avae pedi, wewe piga jabu moja, yeye muda huohuo akurudishie pedi nyingine shavuni, usiporudisha mkono unailamba. Raundi tatu za dakika tatu tatu kila siku. Ukipiga shadoo, yaani kurusha ngumi hewani peke yako, bana mpira wa tenisi kwa kidevu, ukidondoka ujue umeinua kichwa. Kwa mashoto, mguu wako wa mbele ukae nje ya mguu wake, kulia iliyonyooka ndiyo inamuumiza, jabu ni ya kumziba macho.

ChuiWaNgamiani: Jabu mtaongea baadaye, cha kwanza pumzi. Mnakumbuka Septemba 2018 bondia wetu Mwakinyo kule Birmingham, Uingereza? Mpinzani wake Eggington yuko kwao, mashabiki wake, raundi ya pili kwisha kazi! Mie habari zilinikuta kibandani huku Tanga watu wanarukaruka, mwenye chapati akasahau chapati zake zikaungua zote na hakuna aliyedai chenji siku ile.

MamaWawili: Mwanangu mbona hiyo kazi ya kupigwa usoni, nenda VETA ukajifunze umeme au uchomeleaji, mikono yako ikulishe bila kutoa damu ya mtoto wa mwenzio.

KonaNyekundu: Mama tumuache kwanza. Dogo, leo una kilo ngapi? Na sparing, ile ya kupigana mazoezini, ya mwisho iliishaje?

MtotoWaMbagala: Kilo 66 mkuu, nitakausha maji mwilini, navaa nailoni nakimbia saa nane mchana. Sparing ya kawaida tu. Naomba tubaki kwenye jabu.

KonaNyekundu: Nimeuliza iliishaje.

MtotoWaMbagala: Sawa. Jumanne ya wiki iliyopita nilikula moja juu ya sikio nikaenda chini, wanasema nililala kama nusu dakika, mimi hata nilivyovuliwa glovu sikumbuki. Tangu hapo kichwa kinauma kila asubuhi, na jana nikiwa kwenye daladala nikaona bango moja kama mawili. Ila nadhani ni jua na hii njaa ya kukausha. Halafu advansi nimeshachukua nimemlipia mama kodi ya miezi mitatu, mabango yamebandikwa, narudije nyuma? Ndiyo maana nauliza jabu, nikiziba hapo sipigwi tena.

FundiFeni: Bango moja unaona mawili, promota atakudai hela ya matangazo 😂

NesiWaZamu: Fundi hapa sio pa kucheka. Mdogo wangu, ubongo uliotikiswa haujapona ukitikiswa tena unaweza kuvimba ghafla na hilo ndilo linaloua vijana. Kujikausha maji kunazidisha hatari. Aliyepigwa akazimia hutakiwa kukaa nje ya ulingo siku 30 au zaidi, na hata sparing hairuhusiwi. Nenda upimwe kichwa kesho.

Mpelelezi_Kkoo: Hii chai jamani. Huyuhuyu miezi miwili nyuma alifungua uzi anauliza bei ya pikipiki, akasema anaishi Mwanza. Leo ni bondia wa Mbagala. Weka picha ya bango tuone.

ChuiWaNgamiani: Eeh na mimi nilianza kushtuka, mtu kazimia halafu anaandika ameweka mpaka nukta?

MtotoWaMbagala: Mwanza nilikuwa kwa mjomba naendesha boda, nimerudi mwezi wa pili huu. Bango siweki, lina sura yangu na jina la mtu wa watu. Kama hamuamini basi futeni uzi.

Mpelelezi_Kkoo: Majibu ya chai hayo.

KonaNyekundu: Iwe chai iwe uji, mimi nitajibu. Mdogo wangu wa tumbo moja alilala kwenye sparing hivyohivyo, mimi ndiye nilikuwa nimemshikia pedi wiki ile, nikamwambia kaza, siku tisa baadaye akapanda ulingoni. Alishinda. Leo ana miaka 34, kikombe anakishika kwa mikono miwili na jina la mwanawe anamuuliza mkewe. Advansi ni deni, nitakwenda na wewe kwa promota tuongee akuahirishie, deni linalipika. Kesho saa 1 asubuhi nakusubiri geti la Muhimbili, njoo na mtu wa nyumbani. Namba nimekutumia inbox.

NesiWaZamu: Na leo usikimbie, kunywa maji, ule ushibe.

MtotoWaMbagala: Nimeiona namba kaka. Nitakuja na mdogo wangu, mama nisimwambie kwanza. Ila ule mpira wa tenisi, unaubana katikati au upande wa bega la kushoto?