Tupeane uzoefu: Dar es Salaam hadi Guangzhou ni safari ya saa ngapi hasa?

Ndugu zangu, mwezi ujao nitasafiri kwa mara ya kwanza kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere kwenda Guangzhou kufuata mzigo wa duka langu la Kariakoo. Viwanja hivi viwili vimeachana kwa takribani kilomita 8,700, nami nikigawa kwa mwendo wa ndege wa kilomita 850 hivi kwa saa, napata saa kumi na kidogo. Hata hivyo, tiketi alizonionyesha wakala zina saa nyingi zaidi. Naomba waliokwisha kupita njia hiyo waeleze yaliyowakuta.

Muuza vitenge, Kariakoo
Usitoe saa ya kuondoka katika saa ya kufika, kwa sababu kila moja imeandikwa kwa saa za mahali pake, na China imetutangulia kwa saa tano. Niliondoka saa kumi jioni kwa ndege ya moja kwa moja, nikatua saa moja na nusu asubuhi. Kwenye karatasi hizo ni saa kumi na tano na nusu, ilhali angani nilikaa kumi na nusu tu. Wakati wa kurudi niliondoka saa nne asubuhi, nikatua Dar saa kumi jioni ileile, na mume wangu akaamini kwamba kurudi ni saa sita! Ukweli ni kwamba zilikuwa kumi na moja, maana upepo wa juu huvuma zaidi kuelekea mashariki, hivyo anayerudi huku mara nyingi hukutana nao usoni.

Fundi simu, Tabata
Mimi nimepitia Dubai na pia Addis Ababa. Kwa urefu njia hizo karibu zinalingana, kilomita 9,800 hivi kila moja, kwa hiyo usisumbuke kuchagua kwa ramani. Angalia muda wa kusubiri kati ya ndege na ndege. Safari moja nilisubiri saa mbili, nyingine saa kumi na moja nikiwa nimeegemea begi, na nauli ya hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa nafuu.

Mkazi wa Mbagala
Kosa langu lilikuwa la siku. Tiketi ilisomeka Jumatano saa 00:40, yaani saa sita na dakika arobaini usiku. Jumatano nikafunga duka, nikaaga nyumbani, nikavumilia foleni ya Barabara ya Nyerere na kufika uwanjani saa tatu usiku, nikaambiwa ndege yangu iliondoka usiku uliopita. Marehemu bibi yangu, aliyeanza kuhesabu siku tangu magharibi, asingekosea, kwani kwake usiku wa Jumatano hutangulia mchana wake. Nililipa faini ya kubadili tarehe, nikaondoka Ijumaa.